Mwambieni mchezaji mapema kama anabaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo linaloniumiza kila ligi inapoisha hapa Mbeya. Klabu zetu za Nyanda za Juu Kusini zinachelewa mno kuamua nani anabaki na nani anaondoka. Vijana ambao mikataba yao imekwisha wanaachwa wakisubiri simu tangu Juni mpaka usiku wa mwisho wa dirisha kubwa la usajili (kipindi cha kati ya misimu ambacho klabu zinaruhusiwa kusajili wachezaji), na wengi wao simu hiyo haiji. Ninachoomba ni tarehe. TFF, shirikisho la soka la nchi, na vyama vya mikoa wapange siku, tuseme siku saba baada ya mechi ya mwisho ya ligi, ambayo kila mchezaji atakuwa ameshapewa jibu lake kwa maandishi: yumo au hayumo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nyumba yangu iko Sokomatola, ina vyumba vya uani, na kwa miaka mingi wapangaji wangu wamekuwa vijana wa mpira, maana kodi yangu wanaimudu na Uwanja wa Sokoine hauko mbali. Wananiita Mama, wananiamkia asubuhi kabla ya kwenda mazoezini, na ninawajua kwa namna ambayo katibu wa klabu hawezi kuwajua. Najua nani anatuma hela kwao kila mwisho wa mwezi, nani hapati usingizi timu ikifungwa, nani anauguza goti na anamficha daktari wa timu. Mpira wenyewe ninaufuata tangu Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walipopanda daraja na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Nilikuwa kijana wakati huo, na sijasahau jinsi Rungwe nzima ilivyotembea kifua mbele.

Nieleze habari ya mpangaji wangu mmoja. Jina lake sitalitaja, wala la klabu yake, kwa sababu bado anatafuta riziki katika mpira huu huu. Nitamwita beki wa kushoto.

Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja uliokwisha Juni 30. Siku ya mechi ya mwisho kiongozi mmoja alimshika bega mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo akamwambia asiwe na wasiwasi, yumo kwenye mipango ya mwalimu wa timu, asubiri atapigiwa. Kwao ni Ludewa. Wenzake wote walishapanda mabasi kurudi makwao, yeye akabaki chumbani kwangu kwa hofu kwamba akiitwa ghafla kusaini hataonekana.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu mnaijua. Alikuwa anatoka kabla jua halijachomoza, anakimbia akielekea upande wa Loleza, anarudi viatu vimelowa chapachapa kwa umande, anavisogeza karibu na jiko langu la mkaa vikauke. Jioni anapanga chupa tupu za maji uani na kuzizunguka na mpira, watoto wa jirani wakimhesabia. Simu haikumtoka mkononi. Umeme ukikatika anaipeleka kwa fundi simu mwenye sola pale barabarani, na hatoki hapo mpaka ijae, asije akapigiwa akiwa hayupo. Bafuni aliingia nayo, kaiviringisha kwenye nailoni.

Katikati ya Julai ikatokea klabu ya mkoa mwingine iliyokuwa na shida ya beki wa kushoto, tena ikiwa na pesa ya usajili mkononi. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwepo. Kijana mwenye adabu, akawapigia kwanza viongozi wake kuwauliza. Wakamjibu, "Usiondoke, tunakuhitaji." Akawashukuru wale wageni na kuwakatalia, nao wakasajili mwingine wiki ile ile. Huwezi kuwalaumu, nafasi ya beki wa kushoto haikai wazi ikimsubiri mtu.

Jibu lake alikuja kulipata kwenye simu hiyo hiyo, ila hakupigiwa. Siku ya mwisho ya dirisha klabu yake iliweka picha mtandaoni ya beki mpya, amekuja kwa mkopo kutoka timu kubwa, ameshika jezi yenye namba aliyokuwa anaivaa mpangaji wangu. Aliingia jikoni akanyoosha mkono kunionyesha ile picha, akakaa kwenye kigoda. Usiku ule dirisha likafungwa. Msimu mzima uliofuata alicheza mabonanza, na mchana alipakia viazi kwenye malori Uyole. Alikuwa na miaka 23, umri ambao beki ndiyo kwanza anaanza kuujua uwanja.

Yeye ni mmoja tu katika wengi. Kila Julai vijiwe vya Mwanjelwa na Mafiati vina vijana wa namna hii, na nikiongea na ndugu zangu wa Iringa na Njombe wananiambia kwao ni vivyo hivyo.

Viongozi ukiwauliza wanakwambia tatizo ni fedha. Nawaelewa, na sisemi kwa kejeli. Najua mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na timu inayotegemea fungu la taasisi ya umma haiwezi kuahidi kabla haijajua imepata nini. Najua pia kwamba Simba, Yanga na Azam zikishamaliza kusajili huwa zina vijana wa kutoa kwa mkopo, na klabu ya mkoani inaona ni nafuu kungoja mchezaji ambaye mshahara wake utasaidiwa na klabu iliyomtoa. Lakini kumwambia mtu "hatutakuhitaji, tunakushukuru" hakugharimu hata shilingi. Ukimwambia Juni anapata dirisha zima la kutafuta timu. Anayemnyamazia mpaka Agosti anamchukulia msimu wake bure, ni kumfunga kamba mtu asiye na mkataba naye. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya viongozi wanafanya hivyo makusudi: wanajua njaa ikimzidi mchezaji atasaini kwa bei yoyote, kwa hiyo wanaiachia njaa ifanye kazi ya mazungumzo.

Huko mbali pia mambo haya yapo, lakini wenzetu wamejifunza kuyawekea utaratibu. Binti yangu anafanya kazi ya uuguzi Boston, Marekani, na huko mchezo unaowatoa watu machozi ni besiboli. Tunapoongea kwa simu ananisimulia habari za timu ya mji wao, Red Sox, nami namsimulia za Ligi Kuu. Oktoba 2018 Red Sox walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Los Angeles Dodgers. Mrushaji wao wa kufungia mechi, yaani yule anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, alikuwa Craig Kimbrel, mmoja wa waliosifika sana kwa kazi hiyo. Mkataba wake ukaisha, akawa mchezaji huru. Ungedhani atagombaniwa. Ligi ya msimu mpya ilianza mwishoni mwa Machi akiwa nyumbani, na hakupata timu mpaka Juni 2019, aliposaini Chicago Cubs miaka mitatu kwa dola milioni 43. Dallas Keuchel, aliyewahi kupewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka 2015, naye alisubiri mpaka Juni hiyo hiyo ndipo akachukuliwa na Atlanta Braves.

Nilimuuliza binti yangu, watu wakubwa namna hiyo wanakosaje timu? Akanieleza kwamba klabu zao za zamani ziliwapa ofa ya mwaka mmoja, dola milioni 17.9, wakaikataa. Kwa kanuni za kule, klabu nyingine ikimchukua mchezaji aliyekataa ofa ya aina hiyo inapoteza nafasi yake mojawapo ya kuchagua vijana wapya katika mgawo wa kila mwaka. Mgawo hufanyika mara moja, na mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa Juni. Klabu zikakaa kimya miezi yote hiyo. Mgawo ulipopita, adhabu ikafutika, na ndani ya siku chache wote wawili wakawa na kazi. Kwa hiyo hata kule soko linapopoa ujue kuna mtu anapiga hesabu ya kungoja. Tofauti ni kwamba Kimbrel alisubiri akiwa ameshavuna mamilioni kwa miaka kadhaa, na beki wangu wa kushoto alisubiri akiwa anadaiwa na muuza chapati.

Kuna mambo mawili kule ambayo nayatamani yafike kwetu. La kwanza ni hiyo tarehe. Mchezaji wa besiboli hawi huru mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na kabla ya hapo klabu yake ndiyo inayommiliki. Lakini ipo siku moja kila mwaka, siku hizi huangukia Novemba, ambayo klabu inapaswa iwe imeamua kama inampa mkataba wa msimu ujao. Isipompa, anakuwa huru siku hiyo hiyo, miezi mitatu kabla ya kambi za maandalizi kufunguliwa. Anaumia, ndiyo, lakini anaumia Novemba, akiwa na muda wa kubisha hodi kwingine.

La pili limenigusa zaidi. Mwaka 2018 soko lao lilipoa vibaya. Klabu zilikuwa zimeanza kuhesabu kwa kompyuta na kuona kwamba aliyevuka miaka 30 halipwi tena kwa sifa za jana, na nyingine hazikutaka kuvuka kiwango cha mishahara kinachotozwa kodi ya ligi. Februari ikafika, timu zinaingia kambini, na wachezaji wengi wazuri hawana pa kwenda. Chama chao cha wachezaji hakikuishia kutoa matamko. Kilifungua kambi huko Bradenton, jimbo la Florida, kikaweka walimu, wachezaji wasio na timu wakafanya mazoezi kama wenzao, na timu zikajua pa kuwakuta. Ufaransa nako chama cha wachezaji wa soka, UNFP, huandaa kambi ya namna hiyo kila kiangazi kwa wasio na mikataba. Kambi ya aina hii haihitaji utajiri wa Marekani. Nitairudia hapa chini, kwa sababu nina ofa yangu.

Kwanza niseme kwa nini naamini klabu zenyewe zinapata hasara. Sote tunaikumbuka Mbeya City ya msimu wa 2013/14. Timu iliyoanzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji, ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, chini ya mwalimu Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu. Mbele yake walikuwa Azam, waliochukua ubingwa bila kupoteza mechi, na Yanga. Simba walikuwa nyuma yetu. Zambarau, rangi ya timu, ilitapakaa mji mzima, na nakumbuka wanafunzi wangu wa darasa la nne walikuwa wanaorodhesha kikosi nyuma ya madaftari ya hisabati. Hakikuwa kikosi cha majina makubwa. Nguvu yake, kwa jinsi nilivyoiona mimi jukwaani, ni kwamba walijuana: kipa anajua beki wake anapenda kukabia upande gani, winga hahitaji kuinua kichwa kutafuta mshambuliaji.

Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba, na mwaka huo huo Mwambusi naye akaingia benchi la Yanga. Sijawahi kumlaumu mchezaji wala mwalimu kwa kupanda ngazi, na nisingependa vijana wetu wazuiwe. Ninachosema ni kwamba mtu akiondoka, waliobaki wawe wanajulikana mapema na wafungwe kwa mikataba ya maana, ili anayekuja akute timu. Tukifika Agosti ndipo tunaunganisha wageni kumi na wakazi watano, mechi za mwanzo zote zinakuwa za kujuana. Mbeya City ilishuka mwaka 2023 baada ya mchujo na Mashujaa ya Kigoma, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Ihefu yenyewe tumeshaipoteza. Walitupa raha kubwa kule Mbarali Novemba 2022 walipoifunga Yanga mabao 2-1 na kuukata mwendo wake wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, na leo timu ile iko Singida na jina jingine. Tulizobaki nazo tuzitunze vizuri.

Mikataba ya mwaka mmoja mmoja ndiyo mzizi wa usumbufu huu. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa mpaka miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja ukiisha anaondoka, na klabu haiambulii kitu. Mwenye mkataba wa miaka mitatu akitakiwa na timu kubwa katikati ya mkataba, klabu inakaa mezani ikiwa na cha kudai, na akiuzwa nje ya nchi kabla haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Hiyo ni pesa ambayo mweka hazina wa klabu ya mkoani angeweza kununulia basi.

Na vijana wenyewe waelimishwe haki zao. Wapangaji wangu wengi hawajui kwamba mkataba ukibakiza miezi sita mchezaji ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine na hata kusaini nayo kwa ajili ya baadaye, mradi klabu hiyo iiarifu kwa maandishi ile aliyopo. Wanadhani kufanya hivyo ni usaliti. Wangejua, Januari wangeshaanza kutafuta, na klabu nazo zingelazimika kuamua mapema. Chama cha soka cha mkoa, MREFA, kingeweza kuwaita wachezaji wote mchana mmoja na mwanasheria mmoja, mambo yakaeleweka. (Mabinti wa Ligi ya Wanawake wako pabaya zaidi kwa hili, nao waitwe.)

Sasa kuhusu kambi. Juni shule zinafunga, viwanja vya shule na vyuo vinabaki wazi. Chama cha mkoa kikishirikiana na cha Iringa, Njombe na Songwe, kiwaite wachezaji huru wa ukanda huu, wapewe mwalimu mmoja wa viungo na mmoja wa mpira, wacheze mechi za kirafiki kila Jumamosi, na taarifa zitumwe kwa klabu zote za Ligi Kuu na za Championship, ligi iliyo chini yake. Mwalimu wa klabu akihitaji beki wa kushoto, aje ajionee mwenyewe anavyokimbia wiki hiyo, badala ya kusajili kwa picha za video za msimu uliopita. Chakula si tatizo katika mkoa huu. Juni na Julai ni mavuno, mahindi na maharage yapo, viazi vya Uyole vipo, ndizi za Tukuyu zipo, mchele wa Kyela upo, na wafanyabiashara wa Mwanjelwa nimeshaona wakichangia timu kwa mambo madogo kuliko hili.

Mimi natoa vyumba viwili vya uani, bila kodi, Juni yote na Julai yote. Kila kimoja kinaingia vitanda viwili, maji yapo, na blanketi nitaongeza kwa sababu ya baridi. Gunia moja la mahindi nitalipeleka kusagisha mimi mwenyewe. Viongozi wa chama cha mkoa wakiwa tayari, ofisi ya serikali ya mtaa wetu inanifahamu, wanielekeze ni lini vijana wanafika.

Mwalimu mstaafu,
Sokomatola, Mbeya